Sehemu ya 6: Mama, bonyeza breki kabla hujampakia mtoto

Sehemu ya 5 tuliongea maji ya moto na jiko la mkaa. Leo ni pikipiki. Usipite ukisema hayo ni mambo ya wanaume. Mtoto anayepakiwa juu yake ni wako.

Nianze kwa kuungama. Mwaka jana nilifika kazini mkono umefungwa bandeji, mwanangu ana michubuko kiwikoni na gotini. Wenzangu waliponiuliza ilikuwaje, nikasema tulikuwa tunamkwepa mbuzi. Jamani, hakukuwa na mbuzi.

Pikipiki yetu ni ya zamani. Tuliinunua mkononi mwa mtu tukiwa Shinyanga, kabla mtoto hajazaliwa. Nyuma ina breki ya dramu, mbele ina diski, ile inayofanya kazi kwa mafuta ya breki. Sasa wa Shinyanga mnajua, kwetu ni tambarare. Ukipunguza resi pikipiki inapoa yenyewe, breki unaigusa tu. Miaka ikapita, hakuna aliyefungua kile kikopo cha mafuta ya breki pale kwenye usukani. Kisha nikapata uhamisho kuja Geita. Huku ni milima, vumbi jekundu, na malori.

Mkono wa breki ya mbele ukaanza kulegea. Ukibonyeza mara ya kwanza unazama karibu uguse usukani, mpaka ubonyeze haraka mara ya pili na ya tatu ndipo unashika. Nililijua hilo, maana nami huiendesha kwenda shifti. Nikazoea. Kila asubuhi nawaambia mama kliniki: mtoto akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, usisubiri kesho. Breki yangu inanionyesha dalili ya hatari, mimi nasubiri mwisho wa mwezi.

Siku hiyo baba watoto anaendesha, mtoto katikati, mimi nyuma. Tunashuka mteremko nje kidogo ya mji, mbele lori limepunguza mwendo ghafla. Akabonyeza. Mkono wa breki ukaenda mpaka mwisho, hakuna kitu. Akakanyaga ya nyuma, tairi likaserereka, tukaishia mtaroni. Nilimkumbatia mtoto, nikaangukia mkono. Mungu alituona.

Jioni baba watoto akasema, "Ile breki imenishangaza." Nikanyamaza. Haikunishangaza mimi. Nilimwambia ukweli baada ya siku mbili, na hayo yalikuwa magumu kuliko maumivu ya mkono.

Jumapili tukamwita mzee mmoja fundi, jirani yetu. Alipofungua kikopo akacheka kwa huzuni: "Mayu, haya mafuta yamezeeka kuliko mtoto wenu." Yalikuwa meusi kama kahawa. Mafuta mapya huwa meupe au ya njano hafifu.

Akatueleza, nami nawaeleza kwa lugha ya wodini. Mafuta ya breki ni kimiminika, hayabonyei. Ukibonyeza mkono wa breki, nguvu inasafiri ndani ya mpira mpaka kwenye pistoni, pistoni inasukuma pedi, pedi zinabana diski. Hewa ikiingia humo, nguvu yako inaishia kuminya mapovu. Tena mafuta haya yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani kidogo kidogo. Breki ikipata moto mteremkoni, maji yale yanachemka, yanageuka mvuke, na mvuke nao unabonyea kama hewa. Ndiyo maana hubadilishwa kila baada ya miaka 2 hivi, hata kama pikipiki haitembei sana.

Kutoa hewa kulinikumbusha kutayarisha mpira wa dripu kabla ya kumfunga mgonjwa: hatuachi povu ndani. Tulifanya hivi:

1. Tulifuta vumbi kwenye kikopo kabla ya kufungua, tukafunika tenki kwa kitambaa kilicholowa. Mafuta haya yanabandua rangi.

2. Tulinunua mafuta mapya, chupa yenye sili. Kwenye kifuniko cha kikopo pameandikwa DOT 3 au DOT 4; fuata hiyo. Kamwe usiweke oili ya injini, inavimbisha na kuharibu mipira ya ndani.

3. Chini kwenye breki pana nati ndogo yenye tundu. Fundi alichomeka mpira mwembamba unaoona ndani, ncha ya pili ikazama kwenye chupa yenye mafuta kidogo. (Mpira mpya wa dukani. Mpira wa dripu uliotumika ni taka hatarishi, usiuguse.)

4. Mimi nabonyeza mkono wa breki taratibu, nashikilia. Yeye anafungua nati kidogo, mafuta na mapovu yanatoka. Anafunga nati KWANZA, ndipo naachia. Ukiachia kabla hajafunga, breki inavuta hewa tena.

5. Baba watoto kazi yake kuangalia kikopo na kuongeza mafuta. Kikikauka, mnaanza upya.

Tukarudia mpaka yakatoka masafi bila povu. Tukajaza mpaka kwenye alama, tukafunga, tukaosha kwa maji kila palipomwagikia. Mkono wa breki ukawa mgumu, unakaa palepale. Kwanza tulijaribu uani kwa mwendo wa mtu anayetembea, bila mtoto.

Kama hamjawahi kufanya, muiteni fundi, ila simama uangalie. Mwambie akague pedi: zikibaki kama milimita 2 zibadilishwe. Asipulize vumbi la breki kwa mdomo, na watoto wakae mbali. Na ukibonyeza ukashikilia, mkono ukaendelea kuzama polepole, kuna sehemu inavuja au mipira ya ndani imechoka. Kutoa hewa peke yake hakutaponya.

Sasa kuna kilichonitisha siku ileile. Yale mafuta machafu tuliyaweka kwenye chupa ya soda. Nageuka, mwanangu ameishika, anahangaika na kizibo. Mama, mafuta ya breki ni sumu, yanaweza kuharibu figo za mtoto. Usiyaweke kamwe kwenye chupa ya soda wala ya maji. Mtoto akinywa, usimtapishe, usimpe maziwa ukingoje yapite. Mkimbize kituo cha afya, uende na chupa yake. Yaliyotumika, mpe fundi ayapeleke gereji, usimwage kisimani wala mtoni.

Bodaboda nyingi za huku zina dramu mbele na nyuma, hazina mafuta ya breki, zinakazwa kwa nati. Lakini swali ni moja. Kabla hujapanda na mtoto sema, "Kaka, samahani, hebu bonyeza breki nione." Pikipiki ikiwa imezimwa aisukume kidogo, abonyeze. Isiposimama, usipande. Akikasirika, subiri inayofuata. Na mshikaki wa watu watatu, wanne mteremkoni, breki hata iwe mpya inalemewa.

Na ukiona breki ya nyumbani imelegea, sema leo. Usione aibu kwa kuwa wewe ni mwanamke, au mume atasema unamfundisha pikipiki. Mimi nilinyamaza, na aliyeumia goti alikuwa na miaka 2.

Wenzangu wa kazini mnaosoma hapa: nisameheni kwa yule mbuzi.

Leo jioni nenda ukabonyeze breki ya pikipiki yenu, kisha uniandikie hapo chini imekuwaje. Sehemu ya 7 tutaongea kofia ngumu za watoto.