Saiwa Kabla ya Mikaratusi

“Shangazi, huko kwenu kuna nini cha kutazama zaidi ya mahindi?” Binti wa kaka yangu, mzaliwa wa Nairobi, aliniuliza hivyo juzi kwa unyoofu kabisa, nami nikakosa usingizi.

Kuna Saiwa, mbuga yetu ya kinamasi karibu na Kitale. Mbuga ilitangazwa mwaka 1974. Lakini sisi watoto wa kijiji cha Kipsaina miaka hatukuihesabu. Tulijua kinamasi.

Tulijua pia duka la mtu tuliyemwita Mzee tu, lililokuwa njiani kwenda mbugani. Ukiingia ulipokewa na harufu ya mafuta ya taa, magunia, tumbaku na mahindi mapya yaliyokuwa yakikauka uani. Mzee alipima sukari polepole, akaifunga kwa karatasi ya kaki, na huku akifunga alimwuliza kila mgeni anaenda wapi. Akisikia ni Saiwa, sukari ingesubiri. Alimweleza kwamba magari hayaingii, ni miguu tu. Aende alfajiri au jioni, apande jukwaani juu ya mti, anyamaze. Nzohe hamjii mwenye haraka. Swala huyu ana kwato ndefu zilizotanuka, anatembea juu ya matope yanayommeza ng’ombe, na akitishwa hujizamisha majini, akabakiza pua. Mzee alimwelezea nzohe kana kwamba anamsifu mkwewe. Halafu akawataja kalasinga, kima wenye ndevu nyeupe, na korongo taji wanaotaga kwenye matete na kuja kula mashambani mwetu.

Shamba la Mzee lilikoma mbali na mto. Pale katikati aliacha nyasi, na mvua kubwa ikinyesha, udongo ulikwama kwenye nyasi hizo kabla ya kufika majini. Hakufundishwa na afisa yeyote. Mbuga yenyewe ni takriban kilomita 3 tu za mraba, ndogo kuliko zote nchini. Maji yake yanatoka mashambani, na nyasi za watu kama yeye ndizo zilizoilinda.

Alipofariki, duka likafungwa. Mashamba makubwa yakagawanywa, wana wakagawiana ploti, wajukuu wakalima hadi ukingoni. Ikaja mikaratusi, mti wa pesa ya haraka, ikapandwa palepale penye chemchemi. Wageni nao wanapita mbio kwenda Mlima Elgon, kuona pango la Kitum ambamo ndovu huingia usiku kukwangua chumvi kwa pembe zao. Waende, pango hilo ni la ajabu. Ila inaniuma kwamba wanaondoka bila hata kupunguza mwendo kwa ajili ya Saiwa.

Na inaniudhi zaidi kusikia viongozi wakizungumzia utalii wa kaunti kama jambo la mabango na hoteli. Nzohe haishi kwa bango. Wako wanakijiji wa Kipsaina waliong’oa mikaratusi kando ya maji na kupanda miti ya asili kwa mikono yao. Hao ndio wapewe miche, mafunzo na sehemu ya ada ya langoni, kabla ya bango jingine lolote. Mpwa wangu akija likizo, nitampeleka kwao kwanza, wamwonyeshe mahali nyasi za Mzee zilipoishia.