Usinunue Hiyo Programu

Mpwa wangu Saidi,

Mama yako ameniambia unatafuta dola 200 ununue programu ya kuteka kompyuta za watu, na kwamba muuzaji amekuhakikishia hata asiyejua kitu anaiweza. Sikulala. Nakuandikia kwa sababu maneno ya simu utayasahau.

Soma habari za SpyEye, programu ya aina hiyo hiyo. Mrusi Aleksandr Panin aliitengeneza, akawauzia watu wasiopungua 150 kwa dola 1,000 hadi 8,500. Mnunuzi alikuta kila kitu tayari: kirusi cha kupenyeza kwa watu, na ukurasa wa kuziamrisha kompyuta zote zilizotekwa. Mwenye kompyuta akifungua akaunti yake ya benki, kirusi kinanakili nywila, au kinamwekea visanduku vya ziada ajaze namba za siri mwenyewe, akidhani benki ndiyo inayouliza. Mfikirie bibi yako na akaunti anayopokelea pensheni. Inakadiriwa kompyuta zaidi ya milioni 50 ziliambukizwa.

Utasema wewe si mtengenezaji, ni mtumiaji tu. Hapo ndipo ninapotaka utulie. Hamza Bendelladj wa Algeria hakuibuni SpyEye. Aliitumia na kusaidia kuiuza. Alikamatwa Bangkok Januari 2013, akiwa na miaka 24, akibadilisha ndege. Najua vijana mnasambaziana picha zake akitabasamu na pingu mkononi, mkimwita shujaa. Aprili 2016 mahakama ya Marekani ilimfunga miaka 15. Panin, aliyeitengeneza, alipata miaka tisa na nusu.

Na walimpataje Panin? Mwaka 2011 wapelelezi wa FBI ya Marekani walijifanya wateja, wakazungumza naye, wakalipa, wakapewa mzigo kama wengine. Katika soko hilo muuzaji hamjui mnunuzi, na mnunuzi hamjui muuzaji. Huyo anayekuandikia usiku unajuaje si mpelelezi? Unajuaje hiyo programu haitaanza kuiba kwako?

Kwetu Tanzania pia, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haingoji uibe: kuwa na programu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo ni kosa.

Una akili ya kompyuta tangu mdogo, na mimi ada ya kozi ya usalama wa mitandao nitalipa. Usimtumie mtu huyo hata senti. Futa namba yake leo, Jumamosi uje nyumbani tuzungumze.

Mjomba wako