Bildi na Ubao: Funzo Nililolipata Chomboni

Sisi walimu hufundishwa vyuoni kwamba somo lianze na jambo alijualo mtoto, kisha limfikishe kwenye lile asilolijua. Kanuni hii niliijibu vizuri katika mtihani wangu wa ualimu. Maana yake, hata hivyo, niliipata baadaye sana, tena ndani ya jahazi.

Wakati huo nilikuwa nikifundisha hisabati darasa la nne katika shule moja ya ufukweni, wilayani Kilwa. Mwezi wa Januari, kaskazi ilipokuwa imeshika, jahazi kutoka Pemba lilitia nanga karibu na shule. Chombo hicho kilikuwa ndiyo nyumba ya watu watano: nahodha, mkewe na watoto wao watatu. Jiko lao lilikuwa sanduku la mchanga lenye mafiga matatu. Malazi yao yalikuwa chini ya shetri. Walichukua boriti na makuti kutoka hori moja hadi jingine, wakingoja kusi iwarudishe kwao. Binti yao mkubwa, mwenye umri wa miaka 11, aliletwa darasani kwangu.

Siku moja, katika somo la vipimo, niliwataka wanafunzi wakadirie urefu wa ukuta wa darasa. Binti yule aliutazama kidogo, akajibu, "Pima nne na mikono miwili." Wenzake wakacheka. Nami, badala ya kuwanyamazisha, nikasema kwamba pima si kipimo cha darasani. Tangu hapo hakujibu swali lolote. Na kila chombo kiliposafiri naye akakosekana, niliandika katika rejista neno moja: mtoro.

Baada ya wiki sita nilikwenda chomboni kumshitaki kwa baba yake.

"Shikamoo, nahodha."

"Marahaba, mwalimu. Karibu chomboni."

Kabla sijaeleza haja yangu, mzee alisema: "Mwalimu, huyu ndiye anayenitupia bildi. Mimi hushika usukani, mama yake hushika demani, naye hukaa omoni akinitajia kina cha maji. Siku hizi nikimwuliza hunyamaza, anaogopa kukosea. Juzi nusura tupande mwamba, na wadogo zake wamelala ndani."

Sikuwa na la kujibu. Bildi ni risasi iliyofungwa kwenye kamba yenye alama. Shibiri mbili ni mkono mmoja, mikono minne ni pima moja, na pima hukaribia mita 1.8. Mtoto yule alikuwa akifanya hesabu ambayo kosa lake si alama nyekundu daftarini bali ni chombo kuvunjika. Na aliyemfunga mdomo ni mimi.

Jumatatu iliyofuata niliiazima bildi ile, nikamwomba radhi mbele ya darasa zima. Kisha nikamkabidhi kamba apime ukuta. Ulikuwa pima nne na mikono miwili, kama alivyosema. Ndipo tukaugeuza kuwa mita, tukapata 8 na ziada kidogo. Somo la pili lilihusu maji. Siku ya mwezi mwandamo maji hujaa mnamo saa 10 alasiri, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Je, siku ya tatu baada ya hapo yatajaa saa ngapi? Watoto wa wavuvi, ambao kwa kawaida hawakuwa wasemaji, waliinua mikono: saa 12 na nusu jioni.

Nisidai kwamba mbinu hii ilimaliza matatizo yote. Kusi ilipoanza, familia ile iling'oa nanga kabla ya mtihani wa muhula, na binti yule hakuufanya. Nilichoweza ni kumpa daftari lenye jedwali tupu, ajaze kina cha kila bandari kwa pima na kwa mita, na saa za maji kujaa na kupwa.

Walimu wenzangu, kabla hatujaandika ubaoni kipimo kipya, tuwaulize wanafunzi kwao hupima kwa nini. Na mtoto asipokuwapo, tuulize yuko wapi na anafanya nini huko, ndipo tuijaze rejista.