Mtaro wa 46 Upimwe Januari

Naishi Davos, Uswisi. Majira ya baridi, kila siku saa kumi na moja jioni, taasisi ya utafiti wa theluji ya hapa, SLF, hutoa taarifa ya hatari ya maporomoko. Viwango ni 5, lakini taarifa haiishii kwenye namba: inataja upande gani wa mlima, kuanzia mwinuko gani, na hatari imetokana na nini.

Huko nyumbani Kenya wengi hudhani theluji huporomoka kwa sababu tu imeanguka nyingi. Mara nyingi ubaya ulianza zamani. Theluji kidogo ya Novemba ikikaa siku nyingi chini ya anga kavu lenye baridi kali, hugeuka chembe zisizoshikana, kama sukari. Theluji mpya huja kuifunika. Kwenye mteremko wa zaidi ya nyuzi 30, uzito wa mtu mmoja anayeteleza kwa skii unaweza kuporomosha theluji ya upande mzima wa mlima. Ndiyo maana wapimaji huchimba shimo, wakausukuma ukuta wake kwa mkono, tabaka baada ya tabaka. Panapoingia ngumi nzima ni laini mno. Panapopenya kidole kimoja pamekaza. Panapotaka kisu ni pagumu kweli. Wakikuta pagumu pamelalia palaini, wanaripoti. SLF ina wachunguzi wapatao 200, wengi wao wenyeji wa milima hiyo hiyo.

Sasa njoo Kawangware 46, mtaa wa Nairobi. Idara ya Hali ya Hewa hututangazia mvua ya Machi hadi Mei, na kazi yao naiheshimu. Lakini utabiri unasema Nairobi. Haumwambii mama anayekaa kwenye nyumba ya mabati karibu na mto, upande wa Gatina, kama mtaro ulio juu yake unapitisha maji. Mtaro huo ulianza kuziba Januari, jua likiwaka: magunia, chupa za plastiki, vitambaa vya mitumba, mchanga wa mjengo, vyote vikishindiliana pale unapopita chini ya barabara. Mvua ya Aprili huja kumalizia tu.

Mai Mahiu tulilipia somo hili kwa roho za watu. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyojaa nyuma ya tuta la reli kule Old Kijabe, baada ya njia yake ya chini kuziba, yalilipasua na kusomba makumi ya watu. Ndipo serikali ikaamuru wakaao kingo za mito wahame, na Nairobi matingatinga yakafuata.

Mtelezaji wa Davos akisoma kiwango cha 4 anaweza kubaki nyumbani. Mtu wa Gatina yuko nyumbani tayari, na amepanga hapo kwa sababu ndipo anapoweza kulipa. Kumwonya usiku wa mvua ni kumwonya akiwa hana pa kwenda.

Vijana wa mpango wa serikali wa Climate WorX wamekuwa wakisafisha mito ya Nairobi tangu 2024. Nawaomba wakubwa wao wawaongezee kazi moja inayolipwa: kuanzia Januari, kila wiki, wapime mitaro na kuandika kila mmoja umeziba kiasi gani. Orodha ibandikwe steji ya 46 na kwa chifu, na kaunti iwe na mtu wa kuipokea na kutuma lori kabla ya Machi.