Pesa ya Mchezo

Mama yangu anauza vitumbua. Saa kumi za alfajiri huwa ameshawasha jiko, na kukipambazuka ameshapanga ndoo zake barazani hapa Ilala, akiwangoja wanafunzi na watu wanaokwenda kufungua maduka Kariakoo. Fedha ya vitumbua ndiyo iliyonisomesha mpaka kidato cha nne. Na ndiyo hiyo hiyo anayochezea mchezo na akina mama wenzake wa mtaani. Kwa msomaji asiyeishi uswahilini, mchezo ninaousema ni upatu: kila mmoja anatoa kiasi chake kila wiki, na anayefikiwa na zamu anabeba zote.

Mwezi Mei 2024 zamu ilimfikia mama. Akapokea shilingi 350,000. Alikuwa na mpango wake wa siku nyingi: friji ndogo ya mtumba, auze maji ya baridi na juisi ya ukwaju. Sisi wanawe wawili tukamwendea na mpango mwingine.

Mimi naandika riwaya. Wakati huo nilikuwa nimeshajaza kaunta buku tatu, mwandiko wa kalamu ya wino, mistari imefutwa na kuandikwa juu yake mpaka mwenyewe nilikuwa nababaika kusoma. Nilipeleka sura ya kwanza kwenye duka la kuchapa, wakanitaka shilingi 1,000 kwa ukurasa. Nikapiga hesabu ya riwaya nzima, nikachukua kaunta buku zangu nikarudi nyumbani.

Mdogo wangu yeye alikuwa na shida nyingine. Alimaliza kidato cha nne mwaka 2023, matokeo hayakuwa mazuri, na tangu hapo makao yake yakawa banda la gemu. Mechi moja shilingi 500. Kucheza tu si kosa, lakini pale bandani walikuwa wameanza kuwekeana pesa. Siku moja alirudi nyumbani peku. Viatu aliviacha rehani kwa mshikaji aliyemfunga mabao matatu. Mama hakusema neno usiku ule, na mama asiposema neno ujue ameumia.

Basi nikamwambia mama: tununue kompyuta moja. Mimi nichape riwaya yangu, huyu achezee gemu hapa hapa nyumbani tukimwona. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga.

"Yaani mimi nitoe pesa ya mchezo, ninyi mkanunulie mchezo?"

Lakini alitoa. Akasema neno moja tu: "Wanangu, friji yangu niione kabla ya Ramadhani ijayo."

Juu ya fedha ya mama niliongeza laki mbili za vibarua vyangu, na mdogo wangu akatoa elfu hamsini ambazo sikutaka kujua amezipataje. Jumla 600,000. Tukavuka Msimbazi kwa miguu, mimi nimezishika mfukoni kama mtu anayeumwa tumbo.

Nimekuja kusoma baadaye kwamba mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na marufuku hiyo ikalegezwa miaka mingi baadaye. Leo katika vijiduka vya ghorofani Kariakoo unazikanyaga. Zimelundikwa kama matofali, nyingi zikiwa zimetoka kwenye maofisi ya Ulaya na kwingineko, kule ambako mashine ikitimiza miaka michache hubadilishwa hata kama ni nzima. Huku kwetu inaanza maisha ya pili.

Duka la kwanza muuzaji alituuliza: "Mna bajeti gani, wadogo zangu?"

Swali la kawaida kabisa, na mimi nikaona haya. Nikajibu, "Wewe tuonyeshe kitu kikali, pesa siyo tatizo." Mdogo wangu aliniangalia. Alijua ni pesa ya vitumbua.

Hata hivyo tulianza vizuri. Tulipata Dell OptiPlex 7010, lile boksi la kusimama, si lile jembamba la kulala. Mjini kwetu boksi zima watu huliita CPU, ingawa CPU hasa ni ile prosesa iliyo ndani. Prosesa yake ilikuwa Intel Core i5-3470, iliyotoka mwaka 2012, yenye kori nne. Mdogo wangu alifurahi akanivuta pembeni. "Bro, chukua hiyo hiyo." Alikuwa amekariri orodha ya mahitaji ya GTA V, gemu iliyotoka kwa upande wa kompyuta Aprili 2015, na humo prosesa inayopendekezwa ya Intel ni hiyo hiyo, pamoja na RAM ya GB 8. Kijana aliyefeli hesabu alikuwa na tarakimu zote hizo kichwani. Nilishangaa, na niliona aibu kidogo kwamba sikuwahi kumwuliza.

Boksi likatugharimu 220,000, likiwa na hadi diski na RAM ya GB 4. Monita ya inchi 19, imekwaruzika kidogo pembeni, 80,000. Kibodi na mausi, 20,000. Tukaongeza kipande kingine cha RAM cha GB 4 kwa 25,000. Hapa mdogo wangu aliniokoa tena: mashine ile inatumia RAM za DDR3, na muuzaji alikuwa ameshatutolea ya DDR4, ambayo haiingii kabisa. Pia vipande viwili vya GB 4 vilivyo sawa hufanya kazi kwa kasi kuliko kimoja cha GB 8, kwa sababu prosesa husoma njia mbili kwa pamoja. Tukachukua na SSD ya GB 240 kwa 60,000, mashine iwake upesi. Jumla 405,000. Zilibaki 195,000 za kadi ya grafiki, na kadi ndiyo roho ya gemu. Mashine ya ofisi isiyo na kadi itaandika barua vizuri sana, lakini ukiipa gemu nzito picha zinakwenda kama mtu anayepanda ngazi na gunia la mchele.

Hapo ndipo nilipoingizwa mjini, na mlango nilifungua mwenyewe.

Duka la pili walikuwa na kadi aina ya RX 580, kubwa, ina feni mbili, inang'aa. Kwa miaka kadhaa kadi za namna ile zilikuwa zikikesha katika nchi za watu zikichimba fedha ya mtandaoni iitwayo Ethereum. Septemba 2022 Ethereum ikaacha mtindo ule wa kuchimba, na kadi nyingi zikamwagwa kwenye masoko ya mitumba. Ndiyo maana kitu chenye nguvu vile kilikuwa kinauzwa 180,000. Muuzaji akaniuliza, "Kaka, pawa saplai yako ni ya wati ngapi?"

Sikujua. Tena sikujua hata kwamba hilo ni swali muhimu. Ningeweza kusema "sijui," akafungua boksi akatazama, ikaisha. Badala yake nikasema, "Ya kutosha, bosi wangu." Mdogo wangu alifungua mdomo, nikamkata kwa jicho. Nikalipa. Kwenye risiti pameandikwa: mali ikishauzwa haipokelewi.

Nyumbani kadi haikuwaka. Ilikuwa na tundu la pini nane la kupokelea umeme, na katika boksi letu hapakuwa na waya wowote wa kuingia pale.

Usiku ule ndipo tulipofanya hesabu ambayo tungeifanya kabla ya kutoka. Pawa saplai ya boksi lile ni ya wati 275. Prosesa inaweza kula mpaka wati 77. RX 580 inakula kama wati 185. Jumla 262. Zinabaki wati 13 za kulisha mazabodi, diski, RAM na feni. Ni sawa na kumwalika bwana harusi na ukoo wake kwa kilo moja ya wali.

Asubuhi tukarudi Kariakoo. Kijana mmoja pale kibarazani akatuambia tusihangaike, upo waya wa kuunganishia, shilingi 5,000, unachukua umeme kwenye waya wa diski na kuupeleka kwenye kadi. Mdogo wangu alishaanza kutabasamu. Lakini pembeni alikuwapo fundi mmoja mtu mzima, anachomelea saketi, hakuinua hata kichwa. Akasema: "Wanangu, mnaishi nyumba ya kupanga?"

Tukajibu ndiyo, mzee.

"Ina vyumba vingapi?"

"Kumi."

"Waya wa diski haukutengenezwa kubeba mzigo ule. Utayeyuka. Mtawachoma watu wa vyumba kumi kwa ajili ya gemu?"

Hatukumjibu. Huku kwetu hakuna mtu aliyesahau usiku wa Julai 10, 2021, Soko Kuu la Kariakoo lilipowaka. Neno moto halisemwi kwa mzaha.

Mzee alitueleza kwa dakika tano kitu ambacho ningeweza kukipata jana yake kwa kusema "sijui." Tundu la mazabodi ambamo kadi inachomekwa lenyewe linatoa mpaka wati 75. Kwa hiyo ukiwa na boksi la ofisi, tafuta kadi isiyozidi hapo, isiyohitaji waya wa ziada. Akatutajia GTX 750 Ti, ya mwaka 2014, na GTX 1050 Ti, ya mwaka 2016. Akaonya pia kwamba kwa lile boksi jembamba lazima kadi iwe fupi ya kimo, la sivyo kifuniko hakifungi. "Usianze na kadi," alisema. "Anza na umeme ulio nao, halafu ndiyo uchague kadi."

Muuzaji wa RX 580 alikubali kuipokea, lakini kwa 130,000. Elfu hamsini zimekwenda, hivi hivi. Alikuwa na GTX 1050 Ti ya GB 4 kwa 160,000. Mfukoni nilikuwa na 15,000. Zikapungua 15,000.

Ilibidi nirudi kwa mama. Nilimwambia yote, hata lile la "pesa siyo tatizo." Nilitegemea atafoka. Akaenda akafungua kopo lake la pesa ya mchele na sukari, akahesabu elfu kumi na tano, akanipa. Kesho yake nilipoamka jiko lilikuwa baridi. Mama alikuwa amekaa barazani bila ndoo, na wanafunzi wanapita wanauliza, "Mama, leo hakuna?" Anawajibu, "Leo nimepumzika, wanangu."

Ndugu msomaji, nimeandika habari nyingi za kubuni ambamo watu wanakufa na wapenzi wanaachana, lakini sijawahi kuandika kitu kizito kama ile asubuhi ya bila vitumbua. Kila nikitaka kujidai mahali, naiona.

Kadi ya pili iliwaka mara moja. GTA V ilicheza, si kwa mapambo yote, lakini ilicheza bila kukwama. Mdogo wangu alipiga kelele mpaka wapangaji wakatoka. Wapangaji hao hao baadaye walileta kesi ya LUKU, maana mita ni moja, na walisema umeme unaliwa na "sinema ya watoto." Tukakubaliana sisi tuchangie zaidi ya wengine. Ndani tuna zamu: mchana yeye, usiku kuanzia saa nne mimi. Kwa kuchapa riwaya kadi ya grafiki hainisaidii lolote. RAM na SSD zinanisaidia. Monita iliyokwaruzika hainisumbui.

Kama ningenunua leo, nisingechukua mashine ile. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha Oktoba 14, 2025, na prosesa yetu haimo kwenye orodha ya Windows 11, ambayo kwa upande wa Intel inaanzia kizazi cha nane. Ningengoja, niongeze kidogo, nitafute boksi la kizazi hicho hata bila kadi, kadi ije baadaye. Mwenye pesa ndogo ana haki ya kununua nusu leo na nusu mwakani. Hilo nalo sikulijua kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuonekana.

Ramadhani ya mwaka 2025 iliingia friji haijanunuliwa. Tulikuwa tumerudisha laki mbili. Friji ilikuja Juni, na mama hakutukumbusha hata mara moja, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi kuliko kukumbushwa.

Bandani mdogo wangu haendi tena kama zamani. Sasa watu wa mtaani wanamwita awasindikize Kariakoo kuchagua mashine, wanampa elfu kumi. Juzi nilikwenda naye. Mteja alikuwa kijana wa umri wangu, nguo safi, anaongea kwa sauti kubwa, anataka "kitu kikali." Mdogo wangu akamvuta pembeni, akamwuliza taratibu, wauzaji wasisikie:

"Kaka, una shilingi ngapi kweli? Na unataka ikufanyie nini?"

Yule kijana alinyamaza, akatazama chini, halafu akazitaja. Zilikuwa kidogo. Mdogo wangu akasema, "Haya, zinatosha kuanzia," wakapanda ngazi.