Hamburg na bima ya kupitia dirishani

KAMA ulidhani kwenda majuu ni pasi, picha mbili na barua ya mwenyeji tu, pole yako msomaji wangu. Kuna karatasi nyingine ambayo bila hiyo, hata uwe na mkwanja wa kutisha benki, viza ya Ujerumani huipati. Bima ya afya ya safari. Na si bima yoyote tu. Sheria ya nchi za Schengen inataka iwe ya euro 30,000 au zaidi, fedha ambazo mwaka 2022 wakati naondoka zilikuwa zaidi ya shilingi milioni 70 za Kibongo. Iwe inatambulika katika nchi zote za Schengen kwa siku zote utakazokaa, ilipe matibabu ya dharura, ilipe kulazwa, na ilipe kukurudisha nyumbani ukiwa mgonjwa au, Mungu apishe mbali, ukiwa maiti.

Wengi hudhani haya ni mambo ya korona. Wapi! Sharti hilo lipo tangu mwaka 2004. Kilicholetwa na korona ni swali ambalo zamani hakuna aliyelijali: je, hiyo bima inalipa ugonjwa wa mlipuko?

Sisi tulikuwa wawili. Mimi nilialikwa na binamu yangu anayeishi Hamburg. Mwenzangu, mshikaji wangu wa siku nyingi, ana duka la spea za magari pale Ilala na alikuwa anafuata gearbox. Ubalozi wenyewe uko Umoja House, kwenye barabara inayoitwa Hamburg, kwa kuwa Dar na Hamburg ni miji dada tangu mwaka 2010. Kwa hiyo tukaanzia Hamburg ya Posta kabla ya kufika Hamburg yenyewe.

Kwa wakala wa bima tulimkuta dada mmoja mcheshi, ulimi mtamu kama halua. Akatutolea bima mbili. Zote za euro 30,000, zote ubalozini zinapita, ila moja ilizidi nyingine kwa shilingi elfu arobaini na kitu. Nikauliza tofauti ni nini. "Kaka, hakuna tofauti kubwa," akajibu, huku akigonga muhuri. Nikaomba nisome. Ukurasa wa pili, kwa herufi ndogo kama sisimizi, ile ya bei rahisi ilisema hailipi gharama yoyote itokanayo na ugonjwa wa mlipuko uliotangazwa. Nikachukua ya bei kubwa. Mshikaji akanicheka. "Korona ishaisha bwana, hiyo elfu arobaini mimi nakunywa soda." Si peke yake aliyefikiri hivyo. Shirika la Afya Duniani lilitangaza janga hilo Machi 2020 na halikuondoa hali ya dharura hadi Mei 2023, lakini kufikia mwaka 2022 watu walishachoka kusikia habari zake.

Na tukumbushane, kuna nchi zilizokuwa na masharti makali kuliko ya Mjerumani. Thailand ilipoanza kufungua milango ilitaka mgeni awe na bima ya dola 100,000 inayotaja korona. Baadaye ikashusha hadi 50,000, ikaendelea kushusha, na Julai 2022 ikaachana na sharti hilo. Kambodia ndio ilitia fora. Juni 2020 ilitaka bima ya dola 50,000, na juu yake uweke dola 3,000 taslimu ukitua tu uwanja wa ndege, huku orodha ya bei ikionyesha hadi gharama ya kuchomwa maiti yako: dola 1,500. Hebu fikiria unaanza likizo kwa kusoma bei ya mazishi yako!

Hamburg tuliikuta nzuri bwana. Ilikuwa Julai, jua linazama saa nne usiku, na Wajerumani walikuwa wametoa tiketi ya euro 9 ambayo ukinunua unapanda mabasi na treni za kawaida nchi nzima kwa mwezi mzima. Kwa watoto wa daladala kama sisi hiyo ni bingo. Ila ndani ya treni barakoa usoni, hakuna mjadala. Asubuhi mshikaji anakwenda Billstraße, mtaa wa magodauni ya vitu vilivyotumika vinavyosafirishwa kuja Afrika. Ukipita pale unasikia lugha za Bara Hili kuliko Kijerumani.

Mimi siku moja nikapanda treni hadi Veddel, ng'ambo ya mto Elbe, kwenye jumba la makumbusho linaloitwa BallinStadt. Mwaka 1892 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 8,000 mjini Hamburg. Mji ulikuwa unakunywa maji ya mto bila kuyachuja, wakati jirani zao wa Altona waliokuwa wanachuja walinusurika kwa kiasi kikubwa. Lakini unadhani lawama ziliwaangukia nani? Wasafiri maskini wa kutoka Urusi waliokuwa wakipita hapo kwenda Marekani. Wamarekani nao walikuwa wameshaweka sheria kwamba abiria akikataliwa kwa ugonjwa, kampuni ya meli imrudishe kwa gharama yake. Hapo ndipo wenye meli walipoona bora wampime mtu kabla hajapanda. Mwaka 1901 wakafungua majengo pale Veddel: unaoga, nguo zinatiwa dawa, daktari anakukagua, unasubiri.

Nilisimama pale nikitazama vitanda vya chuma nikaona kumbe Umoja House na Veddel ni hadithi moja. Anayekupokea hataki kulipia ugonjwa wako. Zamani alibebeshwa mwenye meli, leo unabebeshwa wewe mwenyewe na kampuni yako ya bima.

Siku mbili kabla ya kurudi mshikaji akaamka mwili unachemka. Kupima, mistari miwili. Siku tano chumbani, asitoke. Kwa binamu hawezi kuja, kuna mtoto mchanga na chumba ni kimoja. Akabaki kwenye nyumba ya wageni, euro 65 kwa usiku. Usiku wa pili kifua kikambana, tukampeleka hospitali, akapigwa eksirei, akapewa dawa. Bili euro 310. Akapiga simu Dar. Sauti ya yule dada ilikuwa bado tamu: "Kaka, angalia ukurasa wa pili." We acha tu!

Sasa sikiliza hii. Hata bima yangu, ile ya bei mbaya, ingelipa hospitali tu. Nyumba ya wageni isingelipa, na faini ya kubadili tiketi isingelipa, maana sheria ya Schengen inataja matibabu, kulazwa na kurudishwa. Karantini haimo. Mwaka 2020 shirika la ndege la Emirates lilijua wasafiri wanaogopa nini hasa, likawapa abiria wake bima ya bure ya korona: matibabu hadi euro 150,000, na euro 100 kwa siku ukiwekwa karantini, kwa siku 14. Ofa hiyo iliisha, lakini swali la kumuuliza wakala limebaki lilelile: nikifungiwa chumbani bila kulazwa, nani analipa kitanda?

Nilikuwa nampelekea pilau ya binamu, naacha mlangoni, nagonga, nakimbia. Akipata nafuu anahesabu hasara kupitia mlangoni: alikuja na mtaji wa gearbox tano, akaondoka amenunua tatu. Mkewe aliambiwa soko limepanda.

Na kwetu nako mambo yamebadilika. Tangu Oktoba 1, 2024 mgeni anayeingia Zanzibar analipa dola 44 za bima ya shirika la huko huko, hata kama ana bima ya kwao. Juzi kwenye boti ya Unguja nilikaa na Mjerumani mmoja analalamika kwelikweli, eti anaibiwa. Nikamuuliza kama amesoma inalipa nini na hailipi nini. Akanyamaza, akatoa simu, na hadi tunafunga gati alikuwa bado kwenye ukurasa wa kwanza.