Kwenda Kuona Mahame Yetu Katika Msitu wa Mambasa

Mara nyingi twasoma habari za nchi za mbali, na nchi zilizo karibu twazipita tu garini, tumefunga madirisha kwa ajili ya vumbi. Leo nataka kuwaeleza habari za teritwari ya Mambasa, katika Ituri, nilikozaliwa mimi. Ukubwa wake wapita kilometa mraba 36,000. Maana yake yaizidi nchi nzima ya Ubelgiji, iliyotutawala zamani! Na karibu yote ni msitu.

Sikwenda kwa kutalii. Mwisho wa mwaka 2017 mdogo wangu aliniandikia kwa simu: «Yaya, njoo. Mtu wa mbao amefika. Amehesabu miti kumi na mmoja katika msitu wetu, libuyu saba na mvule minne. Anataka sahihi yako, kwa maana wewe ndiwe mkubwa.» Mdogo wangu ana watoto wanane, na nyumba yake ilikuwa bado ya majani. Mimi nimekula mshahara wa ualimu Kisangani miaka mingi, mdogo mdogo na wa kuchelewa, lakini ni mshahara. Nikaona haya kumkatalia. Lakini nikaona haya pia kuuza kitu nisichokijua, kwa kuwa sijapata kukanyaga msitu ule hata siku moja. Nikajibu: «Nitakuja Januari, jua likiwaka. Kwanza nitakwenda kuuona kwa miguu. Kisha tutasema mambo ya karatasi.»

Njia ya kutoka Kisangani hupita Bafwasende, Nia-Nia na Epulu. Pale Epulu gari lilisimama karibu na daraja, nikashuka kunyosha miguu. Mto ulikuwa mweusi na mpana, majabali yakitokeza. Wakati wa Wabelgiji, mwaka 1952, serikali iliweka hapo kituo cha kukamatia okapi. Mwaka 1992 ikaanzishwa hifadhi ya wanyama, karibu kilometa mraba 14,000, na mwaka 1996 UNESCO ikaiandika katika urithi wa ulimwengu. Tarehe 24 Juni 2012 watu wenye silaha walikishambulia kituo, wakaua watu, wakateketeza nyumba, na okapi wote 14 waliofugwa pale wakapotea katika shambulio lile. Nilitazama mazizi matupu, nikapanda tena garini. Dereva alikuwa akipiga honi.

Kijiji chetu kiko kando ya barabara, kati ya Mambasa na Lolwa. Mgeni akiona nyumba zile zimepangwa mstari mmoja hudhani babu zetu walipenda hivyo. Sivyo. Kati ya vita kuu mbili za ulimwengu serikali ya Wabelgiji iliwatoa watu msituni, ikawaweka kando ya barabara, ili wahesabiwe, walipe kodi, waitengeneze barabara ile na kulima chakula cha wafanyakazi. Babu yangu alikuwa kapita wa kijiji. Yeye ndiye aliyeambiwa awaamuru watu wake wabomoe. Marehemu baba, aliyekuwa kantonye na jembe lake miaka yote, alikuwa akisema kwamba babu alizifunga kuku katika kikapu, akatangulia mwenyewe, wala hakugeuka nyuma. Kile kijiji cha kale, mahame yetu, ndicho mnunuzi alichokiita «msitu wenu».

Mtu wa kutuongoza alikuwa mzee mmoja Mmbuti. Nyumbani husema «Mmbuti wetu», kwa kuwa baba zake walileta nyama na asali kwa babu zetu, wakapewa ndizi, chumvi na vyuma. Neno hilo «wetu» nilikuwa nalitumia tangu utoto bila kufikiri. Kijijini mzee yule alinisalimu kwa unyenyekevu mwingi, macho yakitazama chini. Tulipoingia chini ya miti, saa moja tu kutoka barabarani, akawa mtu mwingine: alinyosha mgongo, akacheka kwa sauti, akaanza kuniamuru. «Mjukuu wa kapita, inua miguu. Unatembea kama mbuzi anayekwenda sokoni!» Mdogo wangu alikaribia kuanguka kwa kicheko.

Asubuhi ile tulipita kwanza mashamba ya zamani, yaliyoota miti ya haraka na miiba, na jua la kuunguza. Kisha tukaingia katika mbau. Sijui niwaelezeje. Mbau ni mti mkubwa, nao hupenda kukaa na ndugu zake, hata ukitembea nusu siku huoni karibu mti mwingine. Kivuli chake ni kizito, kwa hiyo chini hapana magugu, ni majani makavu tu, ya rangi ya ngozi, na hewa ya baridi. Mtu aweza kuona mbali kati ya vigogo kama katika kanisa lisilo na viti. Mbegu zake ni nene, nguruwe wa porini huzifuata, na watu pia wamezila siku za njaa.

Mahali pa maji huota mangongo, majani mapana ambayo Wambuti huyaezekea vibanda vyao. Mzee alikata kadhaa, akanikunjia kikombe. Alituonyesha pia kamba ya nkusa, ambayo husokotwa nyavu za kuwindia. Na karibu na kijito alisimama, akatuita kwa kidole: alama za kwato mbili ndefu katika matope, na majani yaliyopunguzwa vizuri kama kwa makasi. Okapi! Yeye mwenyewe hatukumwona, wala sikutazamia kumwona. Mnyama huyu alijificha hata wataalamu wa Ulaya hawakumjua mpaka mwaka 1901. Mwingereza Harry Johnston alikuwa amewarudisha kwao Wambuti waliotekwa ili wakaonyeshwe kwa watu Paris, nao ndio waliomweleza juu ya mnyama huyo. Vipande vya ngozi vilipofika London wataalamu walidhani ni jamii ya punda milia. Baadaye yalikuja mafuvu ya vichwa, wakajua ni ndugu wa twiga. Mzee niliposimulia hayo aliuliza: «Walihitaji ngozi ya kazi gani? Si wangetuuliza sisi?»

Jioni tulilala katika kambi ya jamaa zake, vibanda saba. Moto ukiwaka niliwasimulia habari za Stanley. Tarehe 28 Juni 1887 aliondoka Yambuya na watu 389, wengi wao Waunguja, akaelekea Ziwa Albert kwa njia ya mto huu wa Ituri. Alifika ziwani tarehe 13 Desemba, na watu waliofika pamoja naye walikuwa chini ya nusu. Wengine walikufa kwa njaa na mishale, wengine aliwaacha wagonjwa njiani, kama wale wa Ipoto, kwenye kambi ya Wamanyema wa Kilonga-Longa. Mwezi wa Januari 1888 alijenga msituni ngome, akaiita Fort Bodo, ngome ya amani. Aliandika juu ya msitu huu kama mtu anayeandika juu ya jehanamu. Mwanamke mmoja kambini, aliyekuwa akichoma ndizi, aliuliza kwa mshangao kamili: «Njaa? Humu?» Akatazama huku na huku. Lakini nadhani tusimcheke sana Stanley, maana jambo la kuhuzunisha ni wale Waunguja, waliobeba mizigo ya mtu mwingine katika nchi wasiyoijua miti yake.

Na watu wa Kilonga-Longa na wenzao ndio waliotuletea lugha hii ninayoiandika. Walikuja kutafuta pembe na watumwa, wakachoma vijiji vingi. Wakaleta pia mpunga, miembe na Kiswahili. Mawambi na Avakubi palikuwa vituo vyao. Vita vya 1892 mpaka 1894 vilivunja nguvu zao, mpunga ukabaki. Tena si watu hao waliotangulia kukaa humu. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamefukua chini ya majabali ya Ituri, wakakuta vyombo vya mawe vya watu walioishi humu zaidi ya miaka 10,000 iliyopita.

Siku ya pili, kabla ya adhuhuri, mzee alisema: «Tumefika kwenu.» Nikatazama. Sikuona kitu! Miti tu. Akanishika mkono kama mtoto, akanionyesha: «Hii ni michikichi. Michikichi haiji yenyewe ndani ya msitu mkubwa. Hapa palikuwa na jiko.» Kisha nikaanza kuona. Michikichi mirefu, myembamba, ikitafuta jua juu kabisa, imepanda katika mstari. Jiwe la kusagia, limegeuzwa kifudifudi. Mwinuko mdogo wa udongo uliokuwa baraza. Upande wa mashariki, chini ya majani, palikuwa na vipande vya chungu. Mdogo wangu, msemaji sana, alinyamaza. Tuliondoa magugu mahali ambapo mzee alisema wamelala wazee wetu, tukapiga magoti tukawaombea. Mzee alisimama kando akingoja, kofia yake mkononi.

Na libuyu ilikuwako, nayo ilinitisha kwa ukubwa wake. Mmoja tulijaribu kuuzunguka kwa mikono watu watatu, hatukuweza. Kila mmoja ulikuwa na alama ya rangi nyekundu ya mnunuzi. Mdogo wangu alikuwa akihesabu kwa vidole: huu ni mabati, huu ni shule, huu ni deni la hospitali. Sikumlaumu. Mti wa namna ile ukipasuliwa mbao, mbao zikibebwa kichwani mpaka barabarani, huenda Beni na Butembo, huvuka Kasindi, hufika Uganda na Kenya. Na katika safari hiyo ndefu mwenye msitu hupata sehemu ndogo kuliko wote.

Mzee alikuja akaiweka bapa ya panga juu ya ile rangi nyekundu. Hakukasirika. Aliuliza kwa sauti ya kawaida: «Mtakata huu?» Nikajibu kwamba bado twafikiri. Akasema: «Viwavi huanguka kutoka mti huu. Mwezi wa nane, wa tisa, mvua ikiwa nyingi na windo likiwa baya, watoto wetu hula viwavi. Wake zenu pia hula, sisi ndio tunaowaletea. Kwa mvule sina neno. Mvule hautupi kitu cha kula.»

Wasomaji, nilikuwa nimetoka Kisangani nikidhani shauri hili ni la watu watatu: mimi, mdogo wangu na mnunuzi. Viwavi hivyo (kwetu Kisangani huitwa mbinzo) nimevinunua sokoni kila mwaka na kuvila kwa raha, wala sikuuliza huanguka kutoka mti gani.

Katika kurudi tulibishana njia nzima, mimi na mdogo wangu. «Yaya, wewe una mshahara. Mimi nitawavika watoto viwavi?» Alinena kweli. Nilimjibu vibaya, neno ambalo sitaki kuliandika hapa. Usiku, kambini, nilimwomba msamaha. Tukapatana hivi: kuuza mvule yote minne, kuiacha libuyu. Mnunuzi alinung'unika sana, maana alitaka libuyu hasa, akapunguza bei. Niliandika karatasi kwa mkono wangu mwenyewe, nikataja miti mmoja mmoja na mahali pake, nikatia sahihi. Nilijiona mwerevu.

Kabla ya kuondoka nilikwenda Mambasa kusali kwenye misioni, ambako baba alibatizwa. Hapo Mambasa ndipo alipouawa Padri Bernardo Longo, yule Mwitalia wa shirika la Moyo Mtakatifu aliyeanzisha misioni ya Nduye, tarehe 3 Novemba 1964, wakati wa uasi wa Simba. Mji huu umeyaona mengi. Mwisho wa mwaka 2002 na mwanzo wa 2003 majeshi ya waasi yalipigana hapo, raia wakatendwa mambo ya kinyama, na familia nyingi ziliokoka kwa kukimbilia msituni, zikafichwa na Wambuti. Mdogo wangu na mkewe walikuwa kati yao. Alinikumbusha mwenyewe, tukiwa tumekaa nje ya kanisa, bila mimi kumwuliza.

Mwezi wa Mei alinipigia simu. Wapasuaji wamemaliza. Wamekata mvule minne, na libuyu mitatu juu yake. Karatasi yangu ilikuwa Mambasa katika sanduku, na misumeno ya mashine ilikuwa msituni. Mnunuzi alilipa kitu kidogo cha kutuliza maneno, na mdogo wangu alikipokea. «Ningefanyaje, yaya? Miti ilikuwa imekwisha kulala.» Nyumba sasa ina mabati. Watoto wawili wa kwanza wamemaliza shule.

Mwezi wa Agosti mwaka uleule ugonjwa wa Ebola ulitangazwa, ukaingia Mambasa pia. Mwezi wa Mei 2021 serikali iliweka Ituri chini ya utawala wa kijeshi kwa sababu ya wauaji wa porini, nami sijarudi tena. Njia waliyoikata wapasuaji haikuota magugu. Pikipiki hupita humo sasa, za watu wanaokwenda kutafuta dhahabu kwenye vijito, na michikichi ya babu yetu imepata wagemaji.

Niliuliza habari za mzee. Mdogo wangu akasema bado yu hai. Ameihamisha kambi upande wa pili wa kijito, ndani zaidi, mbali na kelele. Msimu wa viwavi alituma kikapu kimoja kwa mdogo wangu kama zamani, kidogo kuliko cha miaka mingine, akaomba chumvi.